Barua ya wazi kwa Ofisa Utamaduni: fomu isainiwe kabla kazi haijapakiwa garini

Ndugu Ofisa Utamaduni wa Manispaa,
Dar es Salaam.

YAH: KAZI ZILIZOHARIBIKA BAADA YA MAONYESHO YA PAMOJA

Salaam, na pole na majukumu.

Maonyesho ya wasanii wa hapa, yaliyopangwa na kyureta mgeni (mtu anayechagua na kupanga kazi za maonyesho) kwa mwaliko wa ofisi yako, yamefungwa na kazi zimerudishwa. Zipo picha za rangi ya akriliki zilizorudi zimegandana uso kwa uso. Ipo nyingine iliyojaa alama za duara, safu kwa safu, za nailoni ya viputo iliyofungwa moja kwa moja juu ya rangi. Ukiielekeza dirishani unaziona zote, na hazifutiki. Kinyago cha mpingo kimepasuka kutoka begani hadi kwenye kitako. Tulipoandika barua ya kawaida tuliambiwa tumuulize kyureta. Kyureta naye anasema aulizwe mwenyeji. Sasa tunakuuliza mbele ya watu.

Haki isemwe: kyureta alichagua vizuri. Alipita karakana kwa karakana. Ukuta mmoja aliuweka picha zilizochorwa kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi (bodi nyembamba ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa), mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga, pamoja na kazi za vijana wanaochora juu ya viroba, na anayetazama anaona wazi nani kajifunza kwa nani. Mwaka 2015 wasanii wa Kenya walilalamika hadi serikali yao ikalikana banda lililobeba jina la nchi yao kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa kule Venice, Italia, kwa kuwa wengi waliopangwa humo hawakuwa Wakenya. Sisi hatuna lawama ya namna hiyo. Lawama yetu ni ya karatasi.

Kyureta mgeni hana stoo, hana gari wala fungu. Yeye huchagua, hupanga ukuta na huandika maelezo. Mwenye ukumbi ndiye mwenye fedha, mlinzi na ufunguo. Pasipo maandishi yanayosema nani amepokea kazi, ikiwa katika hali gani, kazi ile haina mwenyewe tangu inapotoka mlangoni kwa msanii hadi inaporudi. Mgeni akishapanda ndege, hasara inabaki kwa aliyechora.

Akriliki ni plastiki. Hata ikikauka, joto la mji huu linailainisha. Zilaze mbili uso kwa uso ndani ya pikapu iliyofunikwa turubai, juani, kwenye foleni, na zitashikana. Juu ya rangi hukaa kwanza karatasi iliyopakwa silikoni, kisha kadibodi, ndipo nailoni ya viputo, viputo vikitazama nje. Kanvasi (kitambaa cha kuchorea) isiyo na fremu huviringishwa rangi ikiwa upande wa nje, kwenye bomba nene la kipenyo cha inchi 6 au zaidi. Ukiiviringisha rangi ikiwa ndani, inabanana na kujikunja, na mikunjo hiyo ndiyo inayokuja kupasuka. Wenye kazi zilizogandana, tafadhali msizivute: rangi ya moja itabaki juu ya nyingine.

Ukuta nao. Ulipakwa rangi ya maji siku za mwisho kabla ya ufunguzi, katikati ya masika. Hadibodi imezibwa mbele kwa rangi ya mafuta, kwa hiyo unyevu huingia kwa nyuma peke yake, na bodi inabinuka. Ukuta ulihitaji wiki nzima ya kukauka, feni zikiwashwa, na vipande vya mpira nyuma ya pembe za kila picha ili hewa ipite. Kuhusu mpingo, tunadhani ni kiyoyozi: mchana kinakausha, usiku kinazimwa na unyevu unarudi, na mti ambao kiini hakijakauka hauvumilii hilo. Taa iliyoelekezwa karibu na bega la kinyago huenda ilichangia. Kutundika picha nzito kwa msumari mmoja badala ya kulabu mbili tunaliacha, maana hakuna iliyoanguka.

Ndugu Ofisa, kwenye kikao cha maandalizi uliahidi bima ya kutoka ukutani hadi ukutani, yaani tangu kazi inaposhushwa kwa msanii hadi inaporudishwa pale pale. Leo tunaambiwa bima iliyopo ni ya jengo na samani. Hata ingekuwepo ile uliyoahidi, tungedai shilingi ngapi, ikiwa hakuna mahali thamani ya kazi ilipoandikwa? Kanvasi ilinunuliwa, rangi ilinunuliwa, fundi fremu bado anadai chake, na mnunuzi aliyekuwa anasubiri maonyesho yaishe ameiona picha na kuondoka.

Tunachoomba ni fomu ya kurasa mbili kwa kila kazi. Iwe na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo (kimo kwanza, kisha upana) na thamani ya bima iliyokubaliwa. Iwe na picha ya mbele, ya nyuma na ya pembe zote nne, na kila mkwaruzo uliopo uandikwe. Isainiwe na anayetoa na anayepokea, na siku ya kurudisha isainiwe tena kazi ikiwa imefunguliwa, si ikiwa bado imefungwa. Kwa watu wawili wenye simu na futi, ni dakika kumi kwa kazi moja.

Wito wa maonyesho yajayo umeshatoka, na kyureta mwingine ameshaalikwa. Safari hii hakuna kazi itakayopakiwa bila fomu hiyo. Rasimu yake tumeiacha masjala pamoja na nakala ya barua hii. Tunaomba saini yako na muhuri, Ndugu Ofisa. Tunaomba hilo tu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wasanii, mafundi fremu na watundikaji wa maonyesho