Si Secure Boot, ni password ya BIOS ya mwenye mashini wa kwanza

Bwana Mhariri, jambo sana.

Nilisoma barua ya yule ndugu wa Katuba mliyoitoa juma lililopita, anasema eti ba laptopu za sasa zimetengenezwa makusudi zikatae Linux (mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows), Secure Boot njo inatuzuia, basi watu wabaki na mashini za zamani tu. Mimi ninatengeneza ba mashini hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, visukurubu vyake nimevifungua mpaka vidole vinajua kazi vyenyewe, na nataka kumwambia kwa heshima: yaya, umekamata asiye mwizi.

Secure Boot ni sentineli wa mlangoni. Ana daftari ya sahihi, na programu ya kwanza inayoamsha mfumo ikija bila sahihi anayoijua anairudisha. Daftari hiyo inajazwa kiwandani, na karibu kila laptopu inayouzwa na Windows iko na sahihi za Microsoft ndani. Hapo watu wanaogopa, lakini watu wa Linux walishapata njia tangu 2012, kuna kiprogramu kinaitwa shim, Microsoft inakitia sahihi, sentineli anakipitisha, kiisha chenyewe kinaita Linux. Ubuntu na Fedora, ambazo ni aina za Linux, ziko nayo, Debian nayo tangu toleo la 10 mwaka 2019. Na ikigoma unaingia BIOS (programu ndogo ya ndani inayoamsha mashini kabla ya Windows), F2 ao F10 ao Esc kufuatana na mashini, unazima Secure Boot, dakika 2 imekwisha (ila andika kwanza zile namba 48 za BitLocker, kufuli ya disk ya Windows, kama disk imefungwa nayo, vijana wengi wamelia hapo).

Sisemi hofu yake haina msingi. Windows 8 ilipotoka, Microsoft ilidai kwenye mashini za Intel na AMD mwenyewe aweze kuizima, ikija Windows 10 mwaka 2015 ikaachia kiwanda kiamue. Tena kuna ba laptopu mpya zinakuja sahihi ya hiyo shim imezimwa, sherti uiwashe kwa mkono. Lakini yote hayo unayafanya ndani ya BIOS, na kwa meza yangu sijaona bado laptopu ya Intel iliyonikatalia kuzima Secure Boot kama BIOS yake iko wazi. Kama iko wazi!

Kwanza niseme kidogo kitu kinachochekesha. Ukiacha Secure Boot inawaka na unaweka Ubuntu kwa mashini yenye WiFi ya Broadcom, inakuomba utunge password, kiisha ikiwaka tena inaleta ekra ya bluu inakuuliza ile password. Kijana mmoja wa chuo alikuja hapa karibu kulia, ameandika mara kumi inakataa tu, anasema Ubuntu imemsahau. Password yake ilikuwa mwanangu. Sasa ile ekra ya bluu haijui kibodi yetu ya AZERTY, inahesabu kila mtu ana QWERTY ya Marekani, kwa hiyo yeye anafinya m inasoma nukta-mkato, anafinya w inasoma z, a inakuwa q, na kwa ekra hauoni kitu. Nikamwambia chagua password isiyo na a, q, z, w wala m, herufi za kati kama r, t, u, i hazihami. Tulicheka sana siku ile.

Sasa nije kwa ugonjwa wenyewe. Tangu Microsoft isimamishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanakuja kila siku, juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, na mashini nyingi za okazio (zilizotumika) zinazouzwa hapa mjini ni kizazi cha 6 na cha 7. Mashini nzima kabisa, RAM 8, inakimbia vizuri na Linux Mint ao Debian. Ninaweka funguo ya USB (flash) yenye Linux, ninafinya F12 mashini iamkie hapo, inatoka kufuli na neno la kuuliza password. Mwenyewe anashangaa, password gani tena?

Ba laptopu hizi nyingi zilikuwa za makampuni huko Ulaya. Mtu wa informatike aliweka password ya BIOS ili mfanyakazi asiguse-guse, kampuni ikauza zote kwa mara moja, disk ikafutwa, password ikabaki. Windows inawaka bila shida, kwa hiyo muuzaji anakuonyesha ekra inang'aa, sauti inatoka, unalipa. Ukifinya F2 zingine zinakuruhusu kuingia kwa kufinya Enter tu, unafurahi, kumbe kila kitu kimepauka rangi ya kijivu, unaangalia kama dirisha la duka lililofungwa siku ya Mungu.

Mama mmoja mwalimu aliniletea ya namna hiyo, alilipa dola 160, feza ya kukusanya polepole. Nikaenda naye kwa rafiki mwenye kile kifaa cha kusoma chipu, CH341A, na kibanio chake cha meno 8 kinachouma chipu ya BIOS bila kuitoa. Tulisoma chipu mara mbili, tukalinganisha, zikawa sawa, tukaweka kopi (usiandike kitu kabla ya hapo, hata kama mwenye mashini amesimama juu ya kichwa chako). Tukaanza kuandika BIOS isiyo na password, iko nusu, kuran (umeme) ikakatika, na mashini yetu ya kazi batri yake ilikufa zamani. Giza. Mama anauliza, imekwisha? Nikasema tungoje. Saa tatu usiku kuran ikarudi, tukaandika upya, tukahakikisha, tukafunga, mashini ikawaka vizuri kabisa, na ikatuuliza password ile ile. Kwa mashini ya aina hiyo password haikai kwa chipu ile, iko kwa chipu ingine inayosimamia kibodi na batri, na kubadilisha bodi nzima ni karibu bei ya laptopu.

Na mtu asiniambie eti tuiwekee BIOS huru, coreboot ao Libreboot, tumalize. Hiyo inakubali kwa mashini chache, kama ThinkPad X200 ya 2008. Lakini kuanzia prosesa za Intel za 2013 kuna kitu kinaitwa Boot Guard, kiwanda kikikiwasha kinachoma alama ya funguo yake ndani ya chipu zenyewe, haifutiki, na BIOS isiyo na sahihi ya kiwanda haiamki. Hiyo njo kufuli ingemfaa ndugu wa Katuba kuipigia kelele, hiyo kwa mashini nyingi hatuna dawa yake, si Secure Boot masikini inayozimwa kwa dakika 2.

Najua watakaosema password inazuia wezi. Ni kweli, na simu zetu tunazifunga pia. Lakini mashini iliyouzwa kwa halali haina mwizi tena, aliyeiuza alipaswa kutoa password, na muuzaji wa hapa alipaswa kujua kile anachouza. Mimi ninaomba kitu kidogo tu: ba muuzaji wa okazio waandike kwa karatasi ya bei, BIOS iko wazi ao imefungwa, bei iwe tofauti. Na mununuzi kabla ya kutoa feza afinye F2, aingie, abadilishe hata kitu kidogo tu, ahifadhi, aizime na kuiwasha, aone kama imekubali. Muuzaji akianza kusema kuran itakatika, nenda kwa jirani yake.

Mashini ya mama mwalimu iko kwake, bado na Windows 10 yake, anaandikia maswali ya mtihani. Nilimtolea kadi ya WiFi nikamwambia asiiunganishe na intaneti, faili anazipeleka kwa funguo ya USB mpaka kwa duka la fotokopi, na huko virusi anarudi navyo kila juma.

Depanera wa komini ya Kenya, Lubumbashi