Malalamiko kuhusu mbegu za misindano zisizoota

S.L.P. Mafinga,
Mufindi.
9 Septemba 2024

Meneja wa Mauzo,
Idara ya Mbegu za Miti.

Ndugu Meneja,

YAH: MBEGU ZA PATULA NILIZOUZIWA MWEZI JUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwezi Juni nilinunua dukani kwenu pakiti ya gramu 100 za mbegu za patula, aina ya msindano, imeandikwa uotaji asilimia 80. Kwa udogo wa mbegu hizi, gramu 100 hazipungui mbegu elfu kumi. Zilizoota kwenye kitalu changu cha nyumbani ni za kuhesabu kwa vidole.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kabla sijamaliza kueleza: eti udongo wangu una ugonjwa wa kinyausi, tena sikuchanganya udongo wa msituni. Kinyausi ninachokijua mimi hukata mche shingoni ukishachomoza, asubuhi unaukuta umelala. Kwangu hakuna kilicholala kwa sababu hakuna kilichosimama. Udongo wa chini ya misindano mikubwa niliuweka, ingawa kazi yake ni kuipatia mizizi ukungu unaoisaidia kupata chakula. Mbegu nzima ya msindano huchipua hata kwenye mchanga mtupu, mradi una unyevu.

Isitoshe, kwenye tuta hilohilo, upande wa pili wa kijiti cha mpaka, niliatika mbegu ambazo jirani yangu alizitoa kwenye koni (matunda yanayobeba mbegu) za misindano ya shamba lake. Maji yaleyale, kivuli kilekile cha nyasi. Kufika wiki ya tatu upande wa jirani ulikuwa umejaa, kila mche umebeba ganda la mbegu yake kichwani. Upande wenu, kimya.

Ndipo nikachukua wembe nikapasua mbegu zilizobaki kwenye pakiti. Mbegu nzima ya patula ndani ina kiini cheupe kilichojaa. Hizi nyingi zilikuwa maganda matupu, na zile zenye kiini, kimesinyaa na kuwa cha kahawia. Kisha pakiti ilipolowana, stika ya 2024 ilibanduka, na chini yake kuna stika nyingine ya 2019 yenye namba ileile ya fungu. Picha nimeziambatanisha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana mbegu kuharibika ni jambo la kawaida, lakini stika haijibandiki yenyewe.

Sibishi kwamba mbegu hizi hukaa miaka, zikiwa kavu, kwenye chombo kilichofungwa vizuri na kwenye ubaridi wa jokofu. Zenu zilikuwa kwenye rafu chini ya bati, jua la mchana linazipiga kupitia dirishani. Wala pakiti haisemi zilivunwa msitu gani, na hii ni Mufindi, wilaya yenye shamba la miti la Sao Hill, si mahali pa kukosa jina la msitu.

Msimu nao ndio umeshapita. Miche ya patula hukaa kitaluni miezi sita hadi tisa. Ukiatika Juni, mvua za Desemba na Januari zinaikuta tayari. Mkinipa mbegu nyingine leo, nitapanda lini? Ekari moja niliyokwisha kufyeka inataka miche kama 450 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Nilitarajia kuwauzia wenzangu miche, sasa nitanunua kwao.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha yote ya mbegu na mgharamie miche 450 nitakayonunua. Muondoe dukani pakiti zote za fungu hilo, kwani kuna wenzangu wanaojiandaa kuatika. Na mnijibu kwa maandishi ni nani aliyebandika stika ya pili. Mbegu ya mbadala sihitaji.

Nikikosa jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani. Risiti, pakiti na mbegu zilizobaki ninazo, na mtaalamu wenu akitaka kuja kuzipasua mwenyewe, karibu.

Wenu,

Mkulima wa miti, Mufindi