Kisu cha majini kisiwe na ncha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wa Kyela wanaofuata kazi za mchezo wa kaiti (kuteleza baharini kwa ubao huku ukivutwa na tiara) kule Paje, Unguja, na wavuvi wenzangu wa Matema. Mimi nilifanya kazi Paje kabla ya kurudi nyumbani kuendesha boti, na visu ninavyowaona navyo vinanitia hofu.

Wengi huchomeka kiunoni kisu cha jikoni chenye ncha. Jamani! Kamba za tiara hufika mita 20 na zaidi, unene wake milimita 2 hivi, nazo hubeba uzito wa mtu mzima. Zikikuzonga mguu huku tiara inavuta, hukata nyama. Kwanza fyatua kifungo cha kuachia tiara. Kikigoma ndipo utoe kisu. Wakati huo wimbi linakupiga, macho yamejaa chumvi, na unakata sentimita chache tu kutoka pajani. Ncha ya nini hapo?

Kinachofaa ni kisu cha ndoano, makali yamejificha ndani ya pindo. Unapitisha kamba, unavuta, imekatika. Kiwe na rangi kali na tundu la kidole, maana mkono uliolowa huteleza. Kikae kwenye mkanda wa kiunoni, mahali panapofikiwa na mkono wa kulia na wa kushoto pia. Kijaribu nchi kavu kwa kamba kuukuu iliyokazwa. Zile kamba ni ngumu, makali butu hayazipati. Ukitoka baharini kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, hata kama muuzaji amekuapia kwamba hakishiki kutu.

Huku Ziwa Nyasa hatuna chumvi, tuna nyavu. Upepo wa mwera ukichachamaa mtumbwi hupinduka, na wavu wa mbasa humfunga mtu miguu. Kisu kiko wapi? Kwenye beseni la samaki, nalo limeshazama. Kila mvuvi awe na chake, kimefungwa kwenye jaketi okozi. Ila wavu ukijikusanya huwa mnene, kwa hiyo mwanya wa ndoano uwe mpana kuliko wa kisu cha kaiti.

Nawaomba viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, mnapokagua majaketi mwaloni, ulizieni na visu. Na wenye mitumbwi wavinunue wao, wasimwachie mvuvi anayelipwa kwa mgawo wa samaki.

Mwendesha boti,
Matema, Kyela