Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuambieni kabla moyo haujasimama

Mheshimiwa Waziri, pole na kazi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi Uganda, sisi ni familia ya wanajeshi, ndiyo lugha tunaelewana wote, na serikali yenyewe si ilisema ni lugha rasmi, basi naamini utaisoma.

Mjomba wetu amefia hospitalini. Kwanza niweke wazi, shida yetu siyo kwamba madaktari hawakumpampu kifua ili moyo urudi. Watu wakisikia habari kama hii wanakimbilia kusema musawo, yaani daktari, kaua mtu. Mjomba alikuwa na kansa ya ini, imeshafika mbali, macho ya njano, tumbo limejaa maji, hata asiyesomea udaktari alikuwa anaona. Shida ni kwamba uamuzi wa kutomshtua moyo, yaani kutojaribu kuurudisha ukisimama, ulikuwa umeshaandikwa kwenye faili na hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa, wala yeye mwenyewe na akili zake zilikuwa timamu mpaka mwisho. Usiku pumzi ilipokata binamu akapiga kelele, sista akaja, akashika shingo, akatazama saa, akavuta shuka. Basi. Binamu flaski ya uji bado iko mkononi akamshika daktari wa zamu shati, kijana mdogo tu ambaye wala si yeye aliyeamua, mpaka askari wa geti wakaja kuwaachanisha.

Baada ya mazishi ndio nikaanza kuulizauliza. Kumbe kupampu kifua siyo kama kwenye sinema. Unakandamiza sentimita 5 au 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kwa mzee mbavu zinavunjika. Njia hii ilitangazwa 1960 na watu wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, na ilianzia kwa watu ambao moyo umesimama ghafla, mfano kwenye upasuaji, siyo mtu ambaye mwili wote umechoka na ugonjwa. Hata Marekani kwenye mashine zote, moyo ukisimama ukiwa hospitalini, katika watu watano karibu mmoja tu ndiye anarudi nyumbani. Kwa hiyo daktari anapima: nini kimesimamisha moyo, kinatibika au la, na moyo ukirudi mtu anarudi kwenye hali gani. Sawa kabisa, ningeelezwa hivyo ningekubali.

Lakini hapa kwetu kuna sababu ya pili ambayo haisemwi. Wakati mwingine mtu angeweza kupona ila kitanda cha ICU, wodi ya mahututi, hakuna, au kipo na familia haina pesa. Hiyo siyo sawa na ugonjwa kufika mwisho! Ya kwanza ni uamuzi wa daktari, ya pili ni umaskini wa hospitali, na zote mbili sisi wa kwenye benchi la nje tunaona shuka tu. Tuna haki ya kujua ni ipi. Hati ya Haki za Wagonjwa ya 2009 ni ya wizara yako mwenyewe, na inasema mgonjwa aelezwe hali yake.

Uingereza walishaburutana mahakamani kwa jambo hilihili, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikasema daktari lazima azungumze na mgonjwa kabla ya kuandika kwamba hatashtuliwa moyo, isipokuwa mazungumzo yenyewe yatamdhuru. Haikusema familia ilazimishe daktari kupampu, na mimi pia sitaki hivyo, maana ukituachia sisi wenye uchungu tutasema pampu mpaka asubuhi.

Ninachoomba ni fomu moja ya nchi nzima, ukurasa mmoja, ikae mbele ya faili. Iandikwe sababu, isainiwe na daktari mkubwa siyo kijana wa zamu, iandikwe nani ameongea na mgonjwa na kwa lugha gani, na iangaliwe upya hali ikibadilika. Na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba dawa, oksijeni na mofini ya kutuliza maumivu makali vinaendelea, sababu wengine wakisikia “hatutashtua moyo” wanadhani mtu wao ametupwa. Kwenye mofini Uganda hatuna cha kuona aibu, Hospice Africa Uganda, shirika linalohudumia wagonjwa wasiopona, wako kazini tangu 1993, na manesi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika tangu 2004. Hao watu wanajua kuongea na mtu anayekufa, waiteni wawafundishe madaktari wa wodini.

Karatasi moja haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, Mheshimiwa. Tungependa kusikia wizara inaanza lini.

Mpwa wa marehemu, Bombo