Kitabu cha mafuta melini: hesabu anazopiga mkaguzi kabla hajashuka chumba cha injini

Mwenye meli akitupigia simu, sisi tunaopitia vitabu vya meli kabla ya ukaguzi, kusema meli yake imezuiliwa bandarini, sentensi ya pili mara nyingi huwa hii: "Na separeta inafanya kazi vizuri tu!" Anamaanisha mashine ya kutenganisha mafuta na maji. Tunamwamini. Kinachowakamatisha wengi ni kitabu.

Mkaguzi wa nchi ya bandari akipanda melini haendi moja kwa moja kwenye mashine. Anakaa kwanza ofisini kwa nahodha, anaomba vyeti, kisha anaomba kitabu cha rekodi za mafuta, kile ambacho mabaharia wote wanakiita ORB. Anafungua kurasa za miezi ya karibuni na kutoa kikokotoo. Atakaposhuka chini atakuwa tayari anajua bomba gani la kuangalia na tangi gani la kupima.

Makala hii tumewaandikia wenye meli ndogo na za kati zinazopiga safari kati ya Dar es Salaam, Mombasa, Moroni na Nacala, pamoja na mainjinia wao. Kampuni kubwa zina idara nzima ya kazi hii. Ninyi mna chifu injinia mmoja, anayekesha na jenereta usiku halafu alfajiri anatakiwa ajaze kitabu kwa mwandiko unaosomeka.

Tuanze na jambo linalobishaniwa sana. Meli yenye bendera ya Tanzania ikifunga gati Kilindini ni meli ya kigeni. Haisaidii kitu kwamba nahodha, wakala na mkaguzi wote wanaongea Kiswahili na pengine walisoma darasa moja. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye makubaliano ya nchi za Bahari ya Hindi ya ukaguzi wa meli za kigeni, na kasoro iliyoandikwa bandari moja huingia kwenye kanzidata ambayo wakaguzi wa bandari nyingine wanaisoma. Ukivurunda Mombasa, unasubiriwa bandari ijayo.

Sheria yenyewe ni MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, Kiambatisho cha Kwanza. Kila meli ya GT 400 (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) na kuendelea lazima iwe na ORB Sehemu ya Kwanza, ya shughuli za chumba cha injini. Tanka la mafuta linaanzia GT 150, nalo linaongezewa Sehemu ya Pili kwa ajili ya shehena na balasti, yaani maji ya kuiweka meli sawa. Kitabu hukaa melini miaka 3 tangu kilipoandikwa mara ya mwisho. Kila shughuli inasainiwa na ofisa aliyeisimamia, na ukurasa ukijaa, nahodha anausaini. Saini hiyo ya nahodha tunaikuta haipo mara nyingi mno kwa kitu kinachochukua sekunde tatu.

Kuhusu lugha: maandishi lazima yawe angalau kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Unaruhusiwa kuongeza lugha rasmi ya nchi ya bendera, hivyo kwa meli ya Tanzania Kiswahili kinaweza kuwemo. Ila zikipishana, maandishi ya lugha rasmi ya nchi ya bendera ndiyo yanayoshinda. Kwa hiyo kile Kiswahili ambacho chifu alikiandika pembeni kwa haraka, akidhani ni kumbukumbu yake mwenyewe, ndicho kitakachosomwa mbele ya mgogoro. Ushauri wetu ni kuandika Kiingereza kifupi cha misimbo, zile herufi na namba za kila aina ya shughuli, basi. Notisi binafsi ziwe na daftari lake.

Sasa tuje kwenye hesabu.

Ya kwanza ni ya tope la mafuta, slaji. Mafuta mazito yanayosafishwa kwenye pyurifaya hukadiriwa kutoa tope la asilimia 1.5 ya mafuta yanayochomwa, na dizeli asilimia 0.5. Ni viwango vinavyotumika kukadiria ukubwa wa tangi la tope wakati meli inasanifiwa, na injini hazifanani, lakini mkaguzi huvitumia kama kipimo cha haraka. Meli inayochoma tani 10 za mafuta mazito kwa siku inatarajiwa kutoa kama lita 150 za tope kila siku, zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo kwa wiki. Kitabu kikionyesha lita 100 kwa wiki nzima, swali ni moja: nyingine zimekwenda wapi? Meli ya dizeli inayochoma tani 3 kwa siku ingetoa kama lita 15. Ni kidogo, lakini si sifuri, na haiwezi kubaki palepale wiki nenda wiki rudi. Tope linaandikwa kila wiki chini ya msimbo C 11, na tumeona vitabu ambavyo kiasi chake hakipandi wala hakishuki tangu ukurasa wa kwanza. Mkaguzi akiona hivyo, anaagiza tangi lipimwe akiwa amesimama pale.

Ya pili ni ya separeta. Kibao chake kinasema inasukuma kiasi gani kwa saa. Kama ni nusu mita ya ujazo, na kitabu kinasema umemwaga mita 3 za maji ya bilji (maji machafu yanayokusanyika chini kabisa ya meli) kwa saa mbili, umeandika kazi mara tatu ya uwezo wa mashine. Kumwaga kupitia separeta kunaruhusiwa meli ikiwa safarini, maji yakiwa na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na kitabu kinataka muda na mahali ulipoanza na ulipomaliza. Mahali hapo panalinganishwa na kitabu cha daraja, yaani cha chumba cha kuongozea meli. Chifu anaandika wako katikati ya bahari, wakati ofisa wa zamu ameandika nanga ilishushwa saa mbili kabla. Halafu kuna kipima mafuta chenyewe, kinachosoma mafuta yaliyobaki kwenye maji: vya kizazi cha sasa vinahifadhi kwenye kumbukumbu yake tarehe, saa na hali ya alama ya hatari kwa miezi 18. Chifu anaweza kubadilishwa meli. Kumbukumbu ya kifaa inabaki.

Ya tatu ni ya tanuri la kuchomea taka, nalo lina hesabu hiyohiyo. Uwezo wake kwa saa umeandikwa kwenye vyeti, hivyo uchomaji wa ajabu huonekana bila shida.

Ya nne haina hesabu hata kidogo, lakini ndiyo tunayoirekebisha kuliko zote: majina ya matangi. Cheti cha IOPP, yaani cha kuzuia uchafuzi wa mafuta, kina nyongeza inayoorodhesha matangi ya tope na ya maji ya bilji, kila moja na jina, mahali lilipo na ujazo wake. Kitabu lazima kitumie majina hayohayo. Meli ikinunuliwa mitumba, mabaharia wapya hulibatiza tangi jina lao, wanapima kwa jedwali la zamani, na baada ya mwaka kitabu kina tangi ambalo kwenye cheti halipo, au tangi la mita 2 lililobeba mita 3. Hakuna aliyemwaga chochote baharini. Lakini jieleze wewe.

Na hapa lazima tuzungumzie mapipa. Oili chafu ina soko bandarini. Watu wanaitaka ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, na kuna matumizi mengine. Pipa linashushwa jioni, fedha kidogo inapatikana ya mboga ya mabaharia, na hakuna karatasi. Kwa kitabu, tope hilo limetoweka. Kila tope linaloshushwa lazima liende kwa mpokeaji anayetambuliwa, naye atoe risiti yenye kiasi, tarehe na saa, na risiti hiyo ikae pamoja na kitabu. Kama unajua meli yako hushusha mapipa kienyeji, hiyo ndiyo kasoro ya kuimaliza wiki hii, kabla ya kusoma makala yetu nyingine yoyote.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, lionekane bado linasomeka, saini na tarehe, halafu andika upya chini yake. Usifute kwa wino mweupe, usichane ukurasa, usiache mstari mtupu "wa kujazia baadaye". Na kama shughuli ilisahauliwa, kuna njia halali: unaiandika leo, kwa tarehe ya leo, chini ya msimbo I, ukieleza kuwa ni ingizo la shughuli ya tarehe fulani iliyokosekana. Mkaguzi atauliza, utajibu, na mara nyingi yataishia hapo.

Kwa nini uongo unauma kuliko mafuta

Mwezi Agosti 2013 meli ya watalii Caribbean Princess ilimwaga galoni 4,227 za maji yenye mafuta kama maili 23 kutoka pwani ya Uingereza, kupitia bomba la siri lililoikwepa separeta. Injinia mmoja mpya aliliona, akaacha kazi meli ilipofika Southampton na kutoa taarifa kwa mamlaka za Uingereza. Wakubwa wake wakaamuru bomba liondolewe na walio chini yao waseme uongo. Kabla ya hapo walikuwa wamepitisha maji safi ya bahari kwenye vifaa ili mashine ihifadhi rekodi inayofanana na umwagaji halali. Yaani walijua kabisa kuwa rekodi ndiyo itakayosomwa.

Meli ilipofika Marekani mambo yakawa mazito, na mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kukiri makosa na kulipa dola milioni 40. Umwagaji ule wa Agosti 2013 haukufanyika kwenye maji ya Marekani. Kesi nyingi za aina hii kule husimama juu ya kosa la kufika bandarini na kumkabidhi mkaguzi kitabu cha uongo, na hilo ni kosa la jinai lililotendeka ndani ya mipaka yao. Sheria yao inaruhusu mtoa taarifa apewe hadi nusu ya faini husika. Yule injinia alipata dola milioni 1. Mwenye meli afikirie hesabu hiyo kwa upande wa fundi wake mdogo anayelipwa kwa kuchelewa.

Vitabu vingine, kwa haraka

Kitabu cha taka kimewafikia wadogo. Tangu tarehe 1 Mei 2024 kinatakiwa kuanzia GT 100, badala ya GT 400 ya zamani, pamoja na chombo chochote chenye cheti cha kubeba watu 15 au zaidi, kikienda bandari za nchi nyingine. Chombo cha Unguja–Mombasa kimo. Anayekwenda Dar–Unguja peke yake habanwi na kifungu hiki cha kimataifa, ingawa sheria za ndani zina masharti yake. Kitabu kinakaa melini miaka 2. Plastiki haimwagwi baharini popote, hata kamba ya nailoni. Mabaki ya chakula yaliyosagwa ni zaidi ya maili 3 kutoka nchi kavu, yasiyosagwa zaidi ya 12, meli ikiwa inatembea. Na taka zikishushwa bandarini, dai risiti, hata kama mwenye gari la taka anakushangaa.

Mafuta ya kuchoma: hati ya mapokezi inahifadhiwa miaka 3, na chupa ya sampuli iliyofungwa lakiri hadi mafuta hayo yaishe, lakini si chini ya miezi 12. Tangu 2020 salfa isizidi asilimia 0.50. Namba ya lakiri kwenye chupa ifanane na iliyo kwenye hati. Utashangaa ni mara ngapi hazifanani. Mafuta yakija kwa lori, hati na chupa vinadaiwa vilevile.

Maji ya balasti yana kitabu chake, ambacho fomu yake imebadilika tangu tarehe 1 Februari 2025. Ukikuta meli bado inajaza fomu ya zamani, ibadilishe. Kinakaa melini miaka 2, kisha ofisini kwa kampuni miaka 3 mingine. Na wenye meli za GT 5,000 na zaidi, ambao kwetu ni wachache, hupeleka kwa nchi ya bendera taarifa ya mafuta yote yaliyochomwa mwaka mzima, ndani ya miezi mitatu ya mwaka unaofuata.

Sisi tunafanya nini

Mwisho wa mwezi chifu anatutumia picha za kurasa kwa WhatsApp, pamoja na vipimo vya matangi na mafuta yaliyochomwa. Tunapiga hesabu zilezile ambazo mkaguzi angepiga, tunalinganisha na vyeti, na tunamrudishia maswali. Sehemu kubwa ya kazi ni hayo maswali. Kabla ya meli kuingia bandari ya nje tunapitia vitabu vyote mara moja zaidi, na tukipanda melini Dar es Salaam tunakaa na mabaharia na kuwafundisha kwa kitabu chao wenyewe, si kwa mfano wa darasani.

Wengine wanauliza kuhusu vitabu vya kielektroniki. Vinaruhusiwa tangu Oktoba 2020, mradi nchi ya bendera imeidhinisha mfumo na tamko lake lipo melini. Kwa meli yenye kompyuta moja inayozimika umeme ukiyumba, tunashauri karatasi kwa sasa.

Kuna kazi moja tunaikataa. Kuna wanaopiga simu meli ikiwa nje inasubiri gati, wakitaka "tuwasaidie kujaza" wiki zilizokosekana. Hatuandiki kitabu cha mtu, kwa bei yoyote. Tutakachofanya ni kumwonyesha chifu namna ya kuingiza kilichosahauliwa kwa tarehe ya leo, na kumweleza nahodha maswali ya kutegemea.

Kwa anayetaka kuanza, tuma kurasa za ORB za miezi mitatu ya mwisho, nyongeza ya cheti cha IOPP, na vipimo vya matangi vya wiki hii. Ukituma vyote vitatu kwa pamoja tunaweza kuanza siku hiyohiyo. Bila ile nyongeza ya cheti hatuwezi kufanya lolote, kwa hiyo mwombe nahodha aipige picha kwanza, kurasa zote, hata zile zinazoonekana tupu.