Mashine yako haijafa, Mwalimu

Forest, Mbeya
9 Februari 2025

Mwalimu, rafiki yangu mpenzi,

Kamwene! Barua yako nimeipata Alhamisi jioni, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimevaa gambuti. Nimefurahi sana kusikia mama ameanza kutembea bila fimbo, na kwamba mahindi yenu yamepita magoti. Huku mvua haijatupa nafasi tangu Krismasi. Leo siku ya nne hatujauona mlima Loleza, umejifunika ukungu tu.

Sasa hiyo habari ya mashine ya kukatia majani imeninyima usingizi. Unasema inawaka vizuri na kisu kinazunguka, lakini haijivuti tena, unaisukuma kama mkokoteni wa matofali. Na fundi aliyeiona amesema giaboksi, yaani sanduku la gia, imekufa, ununue nyingine au uiuze chuma chakavu. Nakuomba, usitoe hata shilingi kabla hujamaliza kusoma barua hii. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka juzi, nami nikayaamini. Nikatoa Sh 180,000, giaboksi ikaletwa, ikafungwa, na mashine ikabaki palepale. Kilichokuwa kimekatika ni waya, ndani ya ganda lake, pale unapopinda chini ya mpini, mahali ambapo jicho halifiki. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Giaboksi ya zamani ninayo stoo, nzima kabisa, na kila nikiiona roho inaniuma. Sitaki na wewe likupate.

Kabla ya yote, chomoa waya wa plagi ya cheche na uusogeze mbali. Fanya hivyo kila unapoinamia mashine hii, hata kama ni kutoa jani moja. Kisu ukikisukuma kwa mkono kinazungusha injini, na injini yenye petroli haihitaji zaidi ya hapo ili ishtuke. Ukitaka kuilaza uone chini, hakikisha upande wenye eya klina (chujio la hewa) na kabureta (inayochanganya petroli na hewa) unabaki juu. Ukiilaza upande mwingine, oili inaingia kwenye eya klina, na ukija kuwasha utatoka moshi mweupe mpaka majirani waje kuuliza kunani.

Kujivuta kwake kunaeleweka ukikufuata hatua kwa hatua. Injini inazungusha shafti iliyosimama wima. Mwisho wa shafti kuna kisu, na juu ya kisu kuna pulii, gurudumu dogo lenye mfereji. Mkanda unatoka kwenye pulii hiyo kwenda nyuma hadi kwenye giaboksi iliyokaa kwenye ekseli, chuma kinachozungusha magurudumu. Ukibana ule mkono wa kuendeshea ulioko kwenye mpini, waya unavuta, mkanda unakazika, magurudumu yanapata nguvu. Ukiachia, mkanda unalegea na pulii inateleza tu. Ndivyo zilivyo nyingi, na kwa jinsi ulivyonielezea, yako ni ya namna hiyo.

Basi injini ikiwa imezimwa, bana mkono huo kisha vuta mashine kinyumenyume. Magurudumu ya nyuma yakigoma na kuburuzika kama yamepigwa breki, meno ya magurudumu na giaboksi ni mazima. Ugonjwa utafute kwenye waya na mkanda. Gurudumu likizunguka huku likilia ka-ka-ka, meno yake ndiyo yameliwa. Yakizunguka yote kimya, bado anza na waya, kwa sababu ziko mashine ambazo waya ndio unaoingiza gia.

Waya ukague hivi. Mwambie mmoja wa wanafunzi abane na kuachia mkono, wewe piga magoti nyuma ya mashine uangalie pale waya unapoishia. Chuma kidogo cha giaboksi kinachovutwa na waya kinapaswa kusogea mara tu mkono unapoanza kubanwa. Kama mkono unafika nusu ya safari na huku chini bado kumelala, waya umelegea. Kwenye waya wenyewe, karibu na mpini, kuna skrubu ya kurekebishia. Izungushe kidogo, jaribu, izungushe tena. Usikaze kupita kiasi: ukiachia mkono, chuma kile lazima kirudi mahali pake na mkanda ulegee. Usipolegea, mkanda utakuwa unasuguliwa muda wote mpaka uungue, na siku utakayowasha, mashine itaondoka peke yake.

Chuma kisiposogea kabisa, waya umekatika au umeshikwa na kutu ndani ya ganda. Hapo usitafute spea ya kutoka Dar. Chukua waya wa breki ya baiskeli, ule wa ndani, ukate kwa urefu unaoutaka, upake grisi nyepesi, uupitishe. Mimi huu wangu niliununua soko la Mwanjelwa kwa bei ya soda mbili na bado unavuta.

Lakini nisikilize vizuri hapa, Mwalimu. Kwenye mpini kuna mikono miwili. Mmoja ni wa kuendesha, mwingine ni ule unaozima injini ukiuachia. Huo wa pili usiufunge kwa mpira wala kamba. Nimeona watu wengi wanaufunga kwa mpira wa baiskeli ili wasichoke vidole. Katika nyumba moja niliyowahi kufanya kazi, kijana aliteleza kwenye umande wa asubuhi, akaachia mpini, na mashine yenye mkono uliofungwa ikaendelea kuunguruma ikarudi juu ya mguu wake. Kisu kilikata gambuti kikaacha ngozi. Nilimvua ile gambuti mimi mwenyewe. Mikono yangu ilitetemeka kuliko ya kwake. Mkono huo ukiwa huru, kisu kinatakiwa kisimame ndani ya sekunde 3. Wewe una watoto mia kadhaa wanaopita kwenye uwanja huo.

Waya ukiwa mzima, fungua kifuniko cha mkanda. Kwa mvua za huku kwetu, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni majani. Nyasi ya kikuyu ikikatwa ina maji inageuka kama uji, inapanda juu, inajishindilia chini ya kifuniko, inakauka na kuwa ngumu kama samadi. Itoe kwa kijiti, yote. Mara nyingi mkanda hauna tatizo lolote, umezuiwa tu usikazike.

Ukishasafisha, uangalie mkanda wenyewe. Mkanda wa namna hii unashika kwa mbavu zake mbili, haushiki kwa tumbo. Ukiwa mpya, unakaa juu juu kwenye mfereji wa pulii, karibu na ukingo. Ukichakaa unakuwa mwembamba, unazama, na tumbo likigusa chini ya mfereji, hapo umekwisha hata kama kwa macho unaonekana wa maana. Pitisha kidole ubavuni. Ukiwa laini na unang'aa kama kioo, umeungua kwa kuteleza. Ukiukunja kinyume ukaona nyufa, usiurudishe.

Kuhusu magurudumu nitakueleza polepole kwa sababu hapa mafundi wengi wanapoteza vitu. Vua kofia ya gurudumu, fungua nati, vuta gurudumu litoke. Ndani yake utaona duara la meno, na kwenye ekseli kuna gia ndogo inayoyazungusha. Tandika gunia safi, na kila unachokitoa kipange kwa mstari kama kilivyotoka: klipu, washa (ile pete bapa ya chuma), gia, washa. Ukiitoa ile gia ndogo, chini yake kwenye ekseli utakuta kipande cha chuma kifupi kuliko kiungo cha kidole gumba, kimelala ndani ya tundu lake. Huyo ndiye mwenye kazi. Ekseli ikizunguka kwenda mbele, kipande hicho kinachomoza na kuishika gia; ukisukuma mashine haraka kuliko inavyojivuta, kinajirudisha na kuiachia. Udongo mwekundu ukichanganyika na grisi ya zamani, kinanata tunduni hakichomozi, na gurudumu linakaa tu. Kioshe kwa petroli na mswaki wa zamani, ukaushe, upake oili kidogo. Usijaze grisi, itakusanya vumbi upya. Gia ya kushoto irudi kushoto na ya kulia irudi kulia, ukizibadilisha hazitashika. Na kama mashine ilikuwa ikivuta upande mmoja na kukupeleka maua yalipo, chanzo kwa kawaida ni gurudumu moja tu. Tairi likiwa kipara nalo litakudanganya, hasa kwenye majani yenye maji.

Ukimaliza hayo yote, mkanda ni mpya, waya unavuta, meno ni mazima, na bado haijivuti, hapo ndipo useme giaboksi. Kwa miaka kumi na moja niliyotunza bustani, hali hiyo nimeikuta mara mbili.

Umeniuliza pia mbona inatoa moshi mweusi na inachoka ikifika kwenye majani mengi. Hili halitokani na uzembe wako. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, na ninyi Njombe mnakaribia 2,000. Kwa urefu wenu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, wakati kabureta ilipimwa kiwandani kwa hewa ya chini. Petroli inaingia ileile, hewa inayoichoma ni kidogo. Ndiyo maana moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na matumizi ya mafuta ni makubwa. Fungua plagi uitazame: ikiwa nyeusi kavu kama sufuria ya kuni, sababu ni hiyo, au eya klina imeziba, na eya klina ndiyo uianze kwa kuwa haikugharimu kitu. Ya sponji ioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, uitie oili kidogo na kuikamua. Ya karatasi usiioshe. Igonge taratibu, na ikiwa imekwisha badilisha. Plagi isugue kwa brashi ya waya na uache nafasi ya milimita 0.76 pale cheche inaporukia, ndicho kipimo cha injini nyingi za namna hii.

Moshi ukiendelea, mwambie fundi mzuri wa pikipiki akuwekee kwenye kabureta jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, iliyo ndogo zaidi. Ile ya kiwandani itunze kwenye bahasha, iandike jina. Mashine ikipelekwa siku moja Dar na jeti ya Njombe, itapata hewa nyingi na mafuta kidogo, itachemka hadi iharibike. Nguvu iliyopotea kwa urefu wa mahali haitarudi yote hata kwa jeti, kwa hiyo uisaidie kazi: inua kisu, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja, na kila mstari upishane nusu na uliotangulia. Uwanja wako umeinama, basi tembea ukikatiza mteremko, usipande na kushuka nao. Na subiri umande uondoke. Najua ninyi huko saa nne bado kuna ukungu, subiri tu.

Ikianza kuunguruma kwa kupanda na kushuka yenyewe, kama mtu mwenye pumu, hiyo ni kinyume chake: jeti imeziba, mafuta hayatoshi. Karibu kila mara inatokana na petroli iliyolala. Petroli ya mwezi mmoja na kuendelea usiitie. Mvua zikikatika Mei na majani yakalala, kausha tanki, washa injini mpaka ijizime yenyewe, ndipo uihifadhi mpaka Novemba. Kisu nacho kinoe kwa tupa, kisha kining'inize kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze. Ukikirudisha, ncha zilizoinuka zielekee juu.

Jambo moja la mwisho: kama siku ile ilipoacha kujivuta ilikuwa imegonga jiwe, niambie. Mashine ikigonga jiwe kisha ikawa inarusha kamba mkononi wakati wa kuwasha, kuna kii laini, kipande cha chuma kinachoishikiza flaiwili (gurudumu zito la injini) kwenye shafti, iliyokatika ili kuiokoa shafti, na hiyo ni habari nyingine nitakayokuandikia vyema.

Kwa sasa naomba uangalie mgongo wa mkanda wako, uninakilie namba zilizopigwa pale. Kama zimefutika, uzungushe uzi kwa nje ya mkanda, upime uzi huo kwa rula ya darasani, na uniandikie pia upana wa mgongo kwa milimita. Jumatano nakwenda Mwanjelwa. Nikiipata namba kabla ya hapo nitaununua na kumkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, uupokee stendi ya Makambako au hapo Njombe, utakavyoona rahisi.

Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wote nawasalimu.

Ni mimi nduguyo wa Forest