Siasa haikumharibu Jaji Berger

Mhariri,

Kila mwanasiasa anapoteuliwa kuwa jaji, wengi husema basi, haki imekwisha. Nawaomba wanaosema hivyo wamtazame Thomas Berger wa British Columbia, Kanada.

Aliongoza chama cha siasa cha NDP (New Democratic Party) jimboni humo. Uchaguzi wa 1969 ulimwendea vibaya, hata kiti chake mwenyewe akakipoteza. Mwaka 1971 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo.

Kilichomjengea jina ni uchunguzi wa bomba la gesi katika bonde la Mackenzie, kaskazini mwa Kanada, ulioanza 1974. Hakukaa mjini kusubiri wataalamu tu. Alifika kwenye vijiji na miji 35, akaketi katika kumbi ndogo na kambi za wavuvi, akawasikiliza Wadene na Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, wakieleza kwa lugha zao wanakowinda na wanakovua. Ripoti yake ya 1977 ilitaka bomba lisubiri miaka 10 ili madai ya ardhi yamalizwe kwanza. Naamini kabisa kwamba kuwafuata watu kwao alijifunza kwenye kampeni, si kwenye vitabu vya sheria.

Mwaka 1981 alipinga hadharani haki za wenyeji hao kuondolewa katika makubaliano ya katiba ya Kanada. Baraza la majaji likamkosoa, naye akajiuzulu mwaka 1983 na kurudi kwenye uwakili. Mimi nasema alionewa. Haki alizozitetea zilirudishwa, na leo zimo katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Katiba ya 1982.

Msomaji wenu,
Arusha